Jarida la mtandaoni: mlinunua au mlipanga?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: leseni za majarida na vitabu vya kitaaluma vya mtandaoni. Wakutubi wananiandikia, wahadhiri wananiandikia, na wanafunzi ndio wenye hasira kuliko wote. Nimestaafu kitengo cha majarida, lakini naona kitengo hakijanistaafu. Nimechagua sita, na nyingine nimezijibu pembeni.

Shikamoo mama. Chuo chetu kidogo kililipia kifurushi cha majarida ya mchapishaji mmoja wa Ulaya kwa miaka kadhaa. Mwaka huu bajeti imekatwa, hatukulipa. Sasa si matoleo mapya tu yasiyofunguka, hata yale ya miaka tuliyolipia yamefungwa. Mkuu wa chuo ananiuliza fedha zetu zilinunua nini. Nimjibu nini?
*Mkutubi, Nyanda za Juu Kusini*

Marahaba, mwanangu. Mwambie ukweli: hazikununua kitu, zilipanga. Ukikaa nyumba ya kupanga miaka kumi, siku umeshindwa kodi huondoki na chumba kimoja kwa kuwa ulikuwa mlipaji mzuri.

Zama za karatasi haikuwa hivi. Toleo likifika kwa posta tunaligonga muhuri, tunalipanga rafuni, na mchapishaji hata akifilisika kesho, toleo ni letu. Leo makala zinakaa kwenye kompyuta za mchapishaji. Yeye anachofanya ni kuzitambua anwani za IP za chuo chenu, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wenu, na kuzifungulia mlango kwa tarehe zilizoandikwa kwenye mkataba. Tarehe ikipita, mlango unafungwa, tena wala hakuna mtu anayebonyeza kitu. Mfumo unafanya wenyewe.

Lakini usikate tamaa kabla hujaufungua mkataba wenyewe. Ninasema mkataba, sio ankara. Tafuta kifungu kinachoeleza kitakachotokea mkataba ukimalizika. Ukikuta kinatamka kwamba mnabaki na haki ya kudumu ya kusoma matoleo ya miaka mliyolipia, waandikie leo hii, taja miaka, ambatisha risiti, na waambie wawafungulie. Wapo wanaofanya hivyo bila maneno, na wapo watakaodai ada ndogo ya kila mwaka ya kutunza mtambo. Kuna mtego mmoja hapo: ndani ya kifurushi huwa kuna majarida mliyoyaagiza kwa majina, na mengine mengi mliyopewa juu yake kama nyongeza. Haki ya kudumu, ikiwapo, mara nyingi inahusu yale ya kwanza tu. Hii biashara ya vifurushi ilianza 1996, Academic Press walipoanza kuviuzia vyuo vya Uingereza majarida yao yote kwa mkupuo. Wakati ule ilionekana neema. Maktaba iliyokuwa na majarida mia ikajikuta na mamia, ila kuanzia hapo huwezi kukata jarida mojamoja ukipungukiwa. Unakata kifurushi chote au unakilipia chote.

Na ikiwa mkataba wenu hausemi lolote kuhusu kumalizika, basi hamna haki, na hilo mkuu wa chuo inabidi alisikie likiwa wazi.

Mkipata fedha tena, msirudi kwa mchapishaji peke yenu. Tanzania tuna muungano wa maktaba za vyuo, COTUL; Kenya wana KLISC na Uganda wana CUUL. Juu yao kuna EIFL, shirika lililoanza 1999, ambalo kazi yake kubwa ni kukaa mezani na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za nchi kama zetu. Mezani hapo ulizeni nani anahesabika kuwa mtumiaji halali: je, mwanafunzi aliye mafunzoni kwa vitendo Sumbawanga anaweza kuingia kutoka huko? Mgeni aliyekuja kukaa maktabani siku moja? Je, mnaruhusiwa kumtumia mkutubi wa chuo kingine makala moja akiiomba? Bei itapanda kwa asilimia ngapi mwaka wa pili? Na sheria ya nchi gani itatumika mkigombana? Nimeona mikataba ya vyuo vyetu inayosema mgogoro utaamuliwa Amsterdam. Hata nauli hatuna.

Kingine, kataeni kifungu cha usiri wa bei. Wachapishaji wanakipenda sana kwa sababu kinamfanya kila mteja aamini yeye ndiye aliyepewa punguzo. Mwaka 2009 Elsevier, wachapishaji wakubwa wa majarida, walikwenda mahakamani kuzuia Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, kisitoe mikataba yake kwa watafiti walioiomba kwa sheria ya kupata taarifa za umma. Walishindwa. Fedha ya umma, bei iwe ya umma.

Kwa sasa, wakati mnatafuta fedha, hakikisheni chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya mtandaoni bure au kwa bei nafuu. Mle ndani kuna Hinari ya afya, iliyoanza 2002 chini ya WHO, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Tanzania iko kundi la kwanza, lisilolipa. Nashangaa vyuo vingapi vinalia njaa huku sahani iko mezani na hakuna aliyejaza fomu.

Mama, makala yangu imekubaliwa na jarida la nje, ya kwanza maishani! Wamenitumia fomu mbili. Moja inasema nawahamishia hakimiliki yote. Nyingine inasema nikilipa dola elfu mbili na ushee makala itasomwa bure na dunia nzima. Mshahara wangu unaujua. Nikisaini ya kwanza, nitaruhusiwa kuwatumia wanafunzi wangu kwenye kundi la WhatsApp?
*Mhadhiri msaidizi, Mwanza*

Hongera sana, mwalimu. Sasa kaa chini kabla hujasaini.

Fomu ya kwanza ikisema unahamisha hakimiliki, maana yake kuanzia siku hiyo makala ni ya mchapishaji, na wewe uliyeandika unabaki na yale tu aliyokuachia. Kwa hiyo jibu la WhatsApp limo ndani ya fomu hiyo hiyo, ukurasa wa pili au wa tatu, pale panapoandikwa haki zinazobaki kwa mwandishi. Wengi huruhusu kufundishia darasani. Lakini angalia wanaruhusu toleo lipi. Makala yako ina maisha matatu: rasimu uliyowapelekea mwanzo; nakala iliyokubaliwa baada ya wasomaji kuikosoa nawe ukairekebisha, ikiwa bado ni faili lako la kawaida; na toleo la mwisho lenye nembo, kurasa na mapambo ya jarida. Rasimu kwa kawaida ni yako kuisambaza. Nakala iliyokubaliwa mara nyingi unaruhusiwa kuiweka kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, ama mara moja ama baada ya muda wa kusubiri; miezi 12 hadi 24 ni jambo la kawaida. Toleo lenye nembo ndilo wanalolilinda. Kwa hiyo lile faili la Word la raundi ya mwisho usilifute! Kila mwaka nilikuwa nawafuata wahadhiri kulidai, na kila mwaka naambiwa lilikuwa kwenye kompyuta iliyoibiwa.

Kabla ya kusaini, ingia Open Policy Finder, ambayo zamani iliitwa Sherpa Romeo. Andika jina la jarida, utaona masharti yake yote bila kupitia maandishi madogo. Kisha jaribu kuomba. Waandikie kwa adabu kwamba ungependelea kuwapa leseni ya kuchapisha badala ya kuhamisha hakimiliki. SPARC, muungano wa maktaba wa kule Marekani, wana nyongeza ya mkataba iliyokwisha andikwa kisheria, unaijaza na kuiambatisha. Wanaweza kukataa. Lakini wapo wanaokubali, na wenye kukubaliwa ni wale walioomba.

Fomu ya pili, ya dola. Usilipe kutoka mfukoni, na usikope SACCOS. Uliza kwanza: jarida hili ni huria lote, au ni mseto, yaani baadhi ya makala za bure na nyingine za kulipia? Kwenye majarida huria kabisa wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada waandishi wa nchi zilizo kundi la kwanza la Research4Life. Kwenye majarida mseto msamaha huo mara nyingi haupo, kwa hoja kwamba unaweza kuchapisha bure kwa njia ya kawaida. Tena angalia wanatumia orodha ipi. Tangu Julai 2020 Benki ya Dunia imeihesabu Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Mchapishaji anayefuata orodha hiyo atakupa punguzo la nusu tu, au hata asikupe, wakati yule anayefuata orodha ya Research4Life atakusamehe yote. Nchi ile ile, makala ile ile. Na maombi ya msamaha yanawekwa mwanzoni, unapowasilisha. Ukisubiri ankara itoke, wengi hawasikilizi tena.

Ukiona jarida ni mseto, chagua njia ya bure, halafu weka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya chuo muda ukifika. Dunia itaisoma vilevile. ResearchGate, mtandao ambako watafiti huwekeana makala, nayo tahadhari: Elsevier na American Chemical Society waliishtaki huko Ujerumani mwaka 2017 kwa sababu ya watu kupandisha matoleo yenye nembo. Walipatana 2023, na siku hizi mtandao wenyewe unaikagua makala unapoipandisha.

Kitabu cha mtandaoni cha maktaba yetu kila nikikifungua kinaniambia kinatumika na mtu mwingine. Kitabu cha kompyuta kinatumikaje na mtu mwingine?
*Mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu, Dodoma*

Kinatumika kwa sababu maktaba ilinunua leseni ya msomaji mmoja kwa wakati. Mchapishaji ameliiga lile rafu la zamani kwa makusudi: nakala moja, msomaji mmoja. Leseni ya watatu ina bei nyingine, na ya wasomaji wasio na kikomo, kama inauzwa kabisa, inaweza kuwa mara nyingi ya bei ya dukani. Uingereza wakutubi walichachamaa 2020, corona ilipofunga maktaba na bei za vitabu hivi zikaonekana uchi. Waliandika barua ya wazi wakitaka serikali ichunguze. Wewe fanya hivi: jaribu alfajiri, pakua sura unayoihitaji tu kwa kadiri mfumo unavyoruhusu, na funga kitabu ukimaliza. Wenzako wanakiacha wazi wakaenda kula, na mfumo unawahesabu bado wanasoma.

Salaam aleikum Bi. Mkutubi. Sisi ni bodi ndogo ya jarida la Kiswahili, limechapwa kwa karatasi tangu miaka ya themanini. Tunataka kuliweka mtandaoni pamoja na matoleo yote ya zamani. Mshauri wetu anasema tuweke leseni kali kuliko zote za Creative Commons, ya kukataza biashara na kukataza kubadilisha, tusije tukaibiwa. Una maoni gani?
*Mhariri, Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu mhariri. Maoni ninayo, na mshauri wako hatayapenda.

Leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi anazitumia kuwaruhusu watu wote mapema waitumie kwa masharti, zilitoka Desemba 2002, na toleo la nne linalotumika sasa ni la 2013. Zote zinamtaka mtumiaji amtaje mwandishi, na sharti hilo ndilo BY. Juu ya hapo unaongeza masharti: NC, asifanye biashara, ND, asisambaze kilichobadilishwa, SA, akibadilisha atoe kwa leseni hiyo hiyo. Hiyo ND ndiyo inayonitisha. Kutafsiri kunahesabika kuwa ni kubadilisha. Mkiweka ND, profesa wa Leipzig anayetaka kutoa makala yenu kwa Kijerumani hawezi bila kuwaandikia, na akiwaandikia miaka ishirini kutoka leo nani atamjibu? Jarida la Kiswahili lililojaa maarifa ambayo hayapo kwa lugha nyingine, halafu linajifungia tafsiri!

Kuhusu NC naelewa hofu. Lakini hesabuni mnachopoteza. Wikipedia ya Kiswahili haipokei maandishi yenye NC wala ND, hivyo wanaoiandika watawataja tu kwenye marejeo, hawawezi kuchukua aya wala mchoro wenu. Na msidhani NC itazuia maduka ya stationery. Marekani, shirika lililotoa vitabu vya hisabati kwa leseni ya NC liliyashtaki maduka ya fotokopi ya FedEx Office kwa kuvitoa kopi kwa malipo. Mahakama ya rufaa mwaka 2018 ilisema duka linatoa kopi kwa niaba ya shule, na shule haifanyi biashara. Hukumu ya kule haiwafungi Mombasa, lakini inaonyesha neno biashara linavyoteleza. Mimi ningeweka BY tupu, au BY-SA kama bodi inaogopa. Mtu akitaka kuuza nakala zenu ambazo zinapatikana bure, mwacheni ahangaike.

Jambo moja msilisahau: leseni hizi hazirudishwi. Aliyechukua makala leo chini ya BY anabaki na haki hiyo hata mkibadilisha mawazo kesho. Pigeni kura ya bodi, andikeni muhtasari wa kikao.

Sasa kwenye matoleo ya zamani, hapo ndipo penye kazi. Waandishi wa 1984 waliwapa ruhusa ya kuchapa jarida la karatasi. Je, waliwapa ruhusa ya mtandao, ambao haukuwapo? Swali hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Waandishi wa kujitegemea, Tasini na wenzake, waliyashtaki The New York Times na wengine kwa kuziuza makala zao kwenye hifadhidata za kompyuta, na mwaka 2001 mahakama ikasema ruhusa ya gazeti haikuwa ruhusa ya hifadhidata. Kwenu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya maandishi maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo makala za miaka ya themanini karibu zote bado zina mwenyewe, aliye hai au warithi wake. Na Creative Commons hamwezi kuibandika juu ya kitu kisicho chenu.

Njia ninayoijua ni ya miguu. Orodhesheni waandishi wote. Walio hai wapelekeeni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye leseni iliyotajwa kwa jina. Waliotangulia, tafuteni familia. Msikitini na kanisani wanajua watoto wa nani wako wapi kuliko hifadhidata yoyote. Msiowapata, wekeni muhtasari wa makala peke yake na tangazo kwamba mnamtafuta mwenye haki. Matoleo mapya yaanze mara moja na fomu mpya, msisubiri ya zamani yamalizike. Mkishaandika leseni yenu waziwazi kwenye kila makala, na mkiwa na ISSN ya mtandaoni, ile namba ya kulitambulisha jarida, ombeni kuingia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na ambayo makao yake yako Makhanda, Afrika Kusini, halafu DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria. DOAJ hawatawapokea kama leseni haionekani.

Bibi, mwalimu wetu anasema Sci-Hub ni wizi. Lakini makala moja dola 35, na kwetu umeme wenyewe wa mgao. Wizi ni wa nani?
*Mwanafunzi wa uzamili, Bujumbura*

Swali lako zuri kuliko jibu langu. Sci-Hub, tovuti inayotoa bure makala za kulipia bila ruhusa ya wachapishaji, ilianzishwa 2011 na Alexandra Elbakyan, mwanafunzi wa Kazakhstan aliyekuwa na shida kama yako. Elsevier walimshtaki New York, na 2017 mahakama ikaamua alipe dola milioni 15. Kisheria mwalimu wako yuko sawa. Mimi niliyekaa miaka nikizitazama ankara za wachapishaji hao siwezi kukufokea.

Ninachokukataza kwa ukali ni nywila ya chuo. Usimpe mtu, usiiuze, na usiweke programu ya kupakua makala mamia usiku kucha. Chuo kimoja nilichokifahamu, kijana alifanya hivyo msimu wa tasnifu. Mtambo wa mchapishaji ukaona makala zinamiminika, ukaifunga anwani nzima ya chuo, na ilichukua barua nyingi kufunguliwa. Aliyeumia ni jirani yake wa bweni aliyebakiza sura ya tano.

Kabla ya njia ya vichochoroni, weka Unpaywall kwenye kivinjari. Inakuonyesha nakala halali ya bure kama ipo popote. Isipoonekana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake iko ukurasa wa kwanza, hata muhtasari wa bure unaionyesha mara nyingi. Dola 35 zile yeye hapati hata senti, kwa hiyo huwa anafurahi mtu wa mbali kumsoma. Ongeza na Research4Life. Waulize maktaba yako kama wamejiandikisha.

Nimesikia mchapishaji wangu ameuza vitabu vyetu kwa kampuni ya akili mnemba. Inawezekana bila kuniuliza?
*Profesa mstaafu, Dar es Salaam*

Inawezekana, profesa, kama ulihamisha hakimiliki au ulisaini leseni ya kutumia kazi yako kwa namna zote. Mwaka 2024 Informa, wenye Taylor & Francis, walitangaza mkataba na Microsoft wenye malipo ya kuanzia zaidi ya dola milioni 10, na wachapishaji wengine, Wiley, walisema wamepata dola milioni 23 kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Waandishi wengi walizisoma habari hizo magazetini. Cambridge University Press wao walichukua njia ya kuwaandikia waandishi na kuwaomba ridhaa kwanza. Chimbua mkataba wako wa zamani, tazama sehemu ya haki za ziada na mgawo wa mrahaba, kisha mwandikie mchapishaji umuulize kitabu chako kimo au hakimo, na fungu lako ni kiasi gani. Kwa kitabu kijacho, omba sentensi moja iongezwe: matumizi ya kufundishia mashine yanahitaji ridhaa ya mwandishi kwa maandishi.

Na yule mwalimu wa Iringa aliyenitumia mkataba mzima wa chuo chake akitaka niuchapishe ili wenzake wajifunze: nimeusoma, ukurasa wa tisa una kifungu cha usiri. Mkataba huo unakwisha Desemba, na barua ya kutoongeza inatakiwa siku 60 kabla. Waandikie sasa.